Neno kwa Waendao Pwani Kustarehe

Kila mwaka, shule zikiisha kufungwa na mahindi yakiwa yamekwisha kuingia ghalani, watu wa vijiji vyetu vya bara huchanga fedha, wakakodi basi au wakakata tikiti za gari la moshi, wakashuka Mombasa na Malindi kuitazama bahari. Huenda wanakwaya, huenda akina mama, huenda watoto wa shule pamoja na walimu wao. Hatuzilaumu safari hizo. Sisi tuandikao maneno haya ni walimu watatu wa shule moja ya huku vilimani, na mara tatu tumewachukua watoto tukashuka nao. Tunalolaumu ni mzigo wanaorudi nao wasafiri. Wengine hurudi na halua, wengine hurudi na makombe ya bahari, na hayo si vibaya. Lakini karibu wote hurudi na neno moja, nalo ndilo hili, ya kwamba Wapwani ni wavivu.

Mwezi wa Januari tulikuwa barazani baada ya ibada, chini ya mti, na kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wetu akasimama kutoa habari za safari yake. Alikuwa amekaa Mombasa siku nne na Malindi siku moja. Akasema, "Nchi ile ni nzuri mno, bali watu wake hawafanyi kazi. Mchana kutwa wamelala chini ya minazi. Lau nchi ile tungepewa sisi, tungeigeuza bustani." Wazee wakacheka, wakatikisa vichwa, na mmoja akasema kwamba hata yeye aliyaona hayo zamani alipokuwa akifanya kazi bandarini. Hakuna aliyemjibu. Nasi tuliokuwapo hatukumjibu, na kwa kunyamaza kwetu twajihesabu kuwa na hatia. Basi jibu letu twaliandika hapa, ingawa limechelewa.

Na tuulize kwanza kijana huyu aliona nini. Twajua alichokiona, kwa kuwa sisi ndio tuliompeleka mara ya kwanza alipokuwa mtoto wa shule, naye safari hii ameifuata njia ile ile tuliyomwonyesha. Alishuka stesheni ya Miritini, ambako reli mpya imewaleta wasafiri tangu mwaka 2017. Akapanda matatu, akapita Changamwe akisinzia, akavuka Makupa, akalikata jiji, akavuka daraja la Nyali, akafika Bamburi. Huko akakaa mchangani, katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, asubuhi hata jioni. Akapanda ngamia. Akapiga picha kwa simu yake, akapigwa picha. Siku moja akatazama kuta za Fort Jesus kwa nje, kwa sababu kiingilio alikiona ghali, kisha akaenda Malindi kuusimamia mnara wa Vasco da Gama kwa muda wa kunywa soda moja. Watu wa pwani aliozungumza nao ni wanne: muuza madafu, mwenye ngamia, askari wa lango, na utingo wa matatu. Na wale aliowaona wamelala chini ya minazi hakuzungumza nao, alipita tu. Juu ya msingi huo amejenga hukumu ya kabila zima, tena makabila mengi, kutoka Vanga hata Kiunga.

Kuhusu hao waliolala, sisi twaweza kuwatolea ushahidi, maana safari yetu ya pili, kwa bahati, mtoto mmoja aliugua tumbo usiku, tukatoka naye nje ya nyumba tuliyolala huko Watamu kutafuta maji. Ilikuwa saa tisa ya usiku. Tukakutana njiani na watu wakishuka baharini wamebeba nyavu, makasia na taa, wala hawakuwa wachache. Tulipotoka tena kabla jua halijachomoza tukakuta ngalawa zinarudi, na akina mama karanga wamekwisha kukaa mchangani na beseni zao wakingoja samaki, wapate kuwahi kuwakaanga kabla watu hawajaenda kazini. Saa tatu ya asubuhi, kijana wetu alipokuwa akitia siagi katika mkate wake, watu hao walikuwa wamefanya kazi saa sita. Saa saba ya mchana walikuwa wamelala chini ya minazi. Kumbe walale lini?

Mvuvi hafuati saa ya ukutani, hufuata maji. Kuna siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, na kuna siku za maji mafu. Kuna miezi ya kusi, tangu Aprili hata Septemba hivi, bahari iliyo nje ya mwamba inapochafuka na vyombo vidogo vikashindwa kuvuka mlango. Na kuna kaskazi, tangu Desemba hata Machi, ambayo ni miezi ya kupata. Mtu asiyejua mambo hayo, akimkuta mvuvi mwezi wa Juni ameketi akishona wavu, atasema kwamba hana kazi. Ni sawasawa na Mpwani aje kwetu mwezi wa Februari, nchi ikiwa kavu, akute majembe yetu yamewekwa pembeni, arudi kwao akahubiri kwamba watu wa bara hawajui kulima. Tungemwonaje mtu huyo?

Na mgema naye aitwa mvivu. Hatuandiki hapa kulisifu tembo. Mawazo yetu juu ya tembo yanajulikana, na wasomaji wengine wametuchoka kwa ajili yake. Lakini miguu ya mgema twaisifu. Asubuhi hupanda mnazi, jioni huurudia, tena si mnazi mmoja, na kila mnazi una vidato alivyovichonga kwa mkono wake. Mtu akianguka kutoka juu hapo hainuki. Tulimwomba kijana wetu, siku moja baada ya baraza ile, apande mwembe ulio nyuma ya darasa mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, kwa juma moja tu. Hajapanda bado.

Walakini hayo ni mambo ya macho, na mwenye macho akielekezwa huona. Liko jambo lililo zito zaidi. Neno hili "wavivu" lina umri, na wazazi wake wanajulikana, na lau kijana wetu angaliwajua asingalipenda kuitwa ndugu yao.

Katika karne ya kumi na tisa Malindi ilikuwa ghala la nafaka. Mtama na ufuta ulipakiwa majahazini ukaenda Unguja na Arabuni. Walioyalima mashamba yale makubwa walikuwa watumwa. Nyuma yao, mbali kidogo na bahari, walikaa Wagiriama, nao walilima mashamba yao wenyewe kwa mikono yao, wakaenea hata bonde la mto Sabaki, wakawa wakiwauzia nafaka wafanya biashara wa mjini. Siku hizo hatusikii kwamba waliitwa wavivu. Mwenye kuuza chakula haitwi mvivu na mwenye kukinunua. Kisha Waingereza wakaitangaza nchi kuwa himaya yao mwaka 1895, na baada ya miaka michache wakaja wazungu kufungua mashamba ya mpira, ya pamba na ya katani huko pwani. Wakataka vibarua. Wagiriama wakakataa. Mtu mwenye shamba lake na ghala lake, ya nini kwenda kulima la mwingine kwa ujira usiomtosha? Basi kwa kukataa huko ndipo jina likapatikana. Aliyeamka mapema kulima lake akaitwa mvivu, kwa sababu hakulima la bwana.

Nalo jina halikukaa peke yake. Mwaka 1913 Serikali ilizidi kuwashurutisha watoe kodi na vibarua, na mwanamke mmoja, Mekatilili wa Menza, akazunguka vijijini akawaapisha watu wasikubali. Akakamatwa, akapelekwa mbali kabisa hata Kisii, akatoroka, akarudi kwao kwa miguu. Mwezi wa Agosti 1914 Kaya Fungo ikabomolewa kwa baruti. Vita ikawaka, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa, na watu waliokuwa wakilima ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, katika ardhi iliyowapa mahindi yao, wakaamriwa kuhama. Wasomaji wapenzi, tazameni ufundi wa jambo hili: mtu umwondoe katika shamba lililo bora, kisha umcheke kwa kuwa hana mavuno.

Wala si Wagiriama peke yao. Katika pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1907. Mwaka uliofuata, yaani 1908, ikatoka sheria ya hati za ardhi ya pwani: kila mwenye shamba aje kwa mwandishi wa Serikali aeleze haki yake, na ardhi isiyodaiwa na mtu itakuwa ya Serikali. Mwaka huu mtu apewa mwili wake, na mwaka ujao aulizwa hati ya shamba! Aliyekuwa mtumwa angeipata wapi hati? Na Mdigo, na Mrabai, na Mgiriama, ambao kwao shamba ni la ukoo na shahidi wake ni mti wa babu, wangemwonyesha mwandishi karatasi gani? Waliokuwa na karatasi na wakili walipata. Wengine wakaamka asubuhi moja wakiwa wageni katika makaburi ya wazee wao. Jina lao leo ni maskwota, na wajukuu wao wamelirithi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia apande miembe na minazi, atakuuliza swali moja tu: nani atakayekula matunda? Mnazi hukawia miaka mingi kuzaa, naye aweza kufukuzwa kesho. Wasiojua huyo nao humwita mvivu.

Twamrudia kijana wetu na neno lake la mwisho, "Lau nchi ile tungepewa sisi." Ndugu zetu, neno hilo tulilisikia wapi? Ndilo lililosemwa juu ya baba zetu huku bara siku walipoondolewa katika vilima vyao vizuri: kwamba hawakuvitumia ipasavyo, na kwamba wengine wangeweza kuvigeuza bustani. Baba zetu walilia kwa neno hilo. Leo watoto wao walisema chini ya mti, baada ya ibada, na watu wanacheka.

Safari yetu ya tatu tulilipata somo jingine, nalo hatukulitafuta. Tuliwachukua watoto arobaini na mmoja kwenda baharini upande wa kaskazini ya Mombasa, mahali ambapo sisi tuliwahi kupita zamani. Tukashuka katika gari barabarani, tukaifuata njia nyembamba kati ya kuta mbili, watoto wakiimba, maana walikwisha kuisikia bahari. Njia ikatufikisha penye lango la chuma. Askari akatoka, akasema, "Hapa hapapiti watu." Tukamwuliza watu hupita wapi. Akasema hajui, yeye amewekwa hapo asipitishe. Tukasimama juani na watoto wetu, nasi tumeaibika. Akaja mzee mmoja na madema mawili begani. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, wanangu, mwatafuta nini?" Tukamwambia twatafuta njia ya baharini. Akatazama lile lango, akasema, "Njia mnayoitafuta imo humo ndani."

Akatuongoza yeye mwenyewe kwa njia ya kuzunguka. Tulikwenda karibu nusu saa. Akatueleza kwamba njia ile ya zamani aliipita akiwa mtoto, na baba yake aliipita, na kwamba siku nyingine akifika ufuoni kwa kuzunguka hivi hukuta maji yamekwisha kupwa na chombo kimekaa juu ya mchanga, basi siku hiyo imepotea. Hakulalamika kwa ukali. Alisema kama mtu aelezaye habari za mvua. Tulipofika, watoto wakakimbilia majini, na mara akatokea askari mwingine akipiga filimbi, kuwaondoa mbele ya hoteli, ingawa walikuwa wamesimama katika mchanga uliolowa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yahesabu katika ardhi ya umma nchi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Askari yule, basi, aliwafukuza watoto katika mali yao. Lakini hatuna hasira naye sana. Naye alikuwa kijana wa kutumwa, na mshahara wake ulitegemea filimbi ile. Hasira yetu ni juu ya ujanja ulio mkubwa zaidi. Mchanga hauuzwi, kweli, lakini ukiuza kila kiwanja kilicho nyuma ya mchanga, na kila mwenye kiwanja akajenga ukuta, umeuuza mchanga pia. Umma wabaki na ufuo usio na mlango. Tusemayo si kwamba hoteli zibomolewe. Watu wengi wa Watamu, Malindi na Diani hupata mkate wao humo, na msimu wa wageni ukiharibika, njaa huingia nyumbani mwao. Tusemalo ni kwamba njia za kwenda baharini zihesabiwe, zipimwe, ziandikwe katika ramani, ziwekewe vibao, na anayezifunga apelekwe mbele ya sheria kama afungaye barabara. Nasi watu wa bara tunayo sehemu yetu. Tukienda kwa mabasi, tena tuna kura zetu, twaweza kuuliza njia iko wapi, badala ya kulipa kiingilio kimya kimya na kuwacheka waliozungushwa.

Tena kuna vitongoji vya jiji, ambavyo wasafiri wetu huvipita wakiwa wamefunga madirisha kwa vumbi. Nyali yote husifiwa kwa bustani zake na kuta zake nyeupe. Hapo zamani ilikuwa shamba la katani, na watu waliingia kwa daraja la kuelea lililofunguliwa mwaka 1931, hata likajengwa hili la sasa mwaka 1980. Ni nani anayezifagia bustani hizo? Shukeni Kisauni alfajiri mkatazame. Shukeni Mishomoroni na Magogoni. Barabara imejaa watu wanaokwenda kwa miguu kuokoa nauli, wapishi, wafuaji, waashi, walinzi wanaobadilishana zamu. Soko la Kongowea huwa limechangamka kabla nyota hazijazimika, na mboga nyingi zinazoshushwa pale hutoka huku kwetu bara. Vitunguu vyetu hupokewa na mikono hiyo tunayoiita mivivu. Upande wa kusini, watu wa Likoni huvuka kwa feri kila siku kwa maelfu, wamesimama wamebanana, wakienda kazini. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka karibu na Mtongwe, wakafa watu 272. Kesho yake wengine walivuka, kwa kuwa kazi ilikuwa ng'ambo.

Na liko jina moja ambalo kijana wetu alilipita mara nane, kwenda na kurudi, utingo akilipigia kelele dirishani, wala hakuuliza lilitoka wapi. Jina hilo ni Kengeleni. Hapo kando ya barabara ipo kengele, imetundikwa katika mnara mdogo, na nyuma yake ndiyo Frere Town, mji ulioanzishwa na wamisionari mwaka 1875 ili wakae humo watumwa waliokombolewa baharini. Uliitwa kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumsihi Sultani Barghash aikomeshe biashara ya watumwa. Husemwa kwamba kengele ililia kuwaonya watu, wateka watumwa walipokaribia. Wakaaji wake wa kwanza wengine walikuwa Waafrika waliookolewa wakiwa watoto, wakalelewa Bombay na Nasik katika Bara Hindi, wakafundishwa ufundi na kusoma, wakarudi. Mmoja wa watu hao wa Nasik, Matthew Wellington, alikuwa katika wale walioichukua maiti ya Livingstone kutoka bara hata pwani. Alikufa Mombasa mwaka 1935. James Mbotela, mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, aliandika habari zao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichochapwa mwaka 1934, na tungependa kila shule yetu iwe nacho.

Si mbali na hapo, upande wa Mkomani, ndiko alikozikwa Rosina Krapf pamoja na mtoto wake mchanga, mwaka 1844. Na mwendo wa saa moja hivi kwa gari ni Rabai, ambako mumewe alikwenda kukaa pamoja na Rebmann, na Rebmann akadumu huko pwani miaka 29. Mtu wa kwanza aliyebatizwa nao alikuwa Mringe, kilema, aliyekuwa akija kwa shida. Watumwa watoro walikimbilia Rabai wakafichwa, hata mwaka 1889 wakakombolewa kwa fedha zaidi ya 1000 kwa pamoja, wakapewa karatasi za uhuru. Mwaka 1885, Askofu Hannington aliposhika njia ya kwenda Uganda, aliyefuatana naye ni William Jones, mtu wa Nasik na Rabai, aliyekuwa amepewa ushemasi mwaka ule ule. Askofu aliuawa Busoga. Jones akawaongoza waliosalia kurudi hata pwani. Walikwenda na kurudi kwa miguu. Makanisa yetu ya bara yaliletewa neno na watu waliotembea hivyo. Sisi twakwenda kwao kwa treni, twanunua madafu, twarudi tukisema hawapendi kazi.

Wako wazee wetu watakaoyasoma haya wakasema dawa ni nyepesi: watoto wasiende pwani kabisa, maana huko kuna uchafu mwingi, na wengine wamepotelea huko. Hatukubaliani nao. Uchafu upo, hasa usiku, hasa penye fedha za wageni, nao haukuzaliwa na watu wa pale. Hushuka na wageni, na wengine wa wageni hao hutoka vijiji vyetu. Kumfungia mtoto ndani hakumfundishi kuona. Tena ataona picha zote katika simu, bila mtu wa kumweleza.

Basi safari ya Agosti tumeipanga upya, na wazazi waliochanga wana haki ya kujua fedha zao zaenda wapi. Siku ya kwanza ni Rabai, kanisani na katika nyumba ya makumbusho, kisha kwa wazee wa kaya ikiwa watatupokea. Misitu ile ya kaya imeandikwa katika urithi wa dunia tangu mwaka 2008, lakini wenyewe ndio wenye ruhusa. Siku ya pili ni Frere Town, Kongowea alfajiri, na Fort Jesus kwa ndani, kiingilio kimekwisha kuwekwa katika hesabu. Kisha Gede, tuone magofu ya mji wenye misikiti na visima uliohamwa zamani, pamoja na wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao tangu mwaka 1993 hulea viwavi mpaka wajifunge katika maganda yao, ndipo huwauza ng'ambo wakawe vipepeo huko. Watoto wa darasa la sita wameambiwa wakaulize jinsi ya kuwalisha. Usiku mmoja tutalala Watamu, na mvuvi mmoja amekubali kutuamsha.

Kijana wetu tumemwalika. Hakujibu kwa muda wa majuma mawili, nasi tulidhani amekasirika. Jumapili iliyopita alikuja nyumbani, akasema atakuja, akauliza kama kutakuwa na nafasi ya kuogelea. Tumemwambia ipo, siku ya nne, maji yakijaa, kwa njia ya yule mzee wa madema.